Saikolojia Si Kichaka cha Kujifichia Hesabu

Kila mwaka, matokeo yakitoka, vijana wa zoni yetu wanakuja kuniuliza wasome nini wakibahatika kupata nafasi ya chuo. Nimefundisha sekondari hapa Nyarugusu miaka tisa, kwa hiyo swali hilo nalijua. Na jibu lao nalijua pia, maana siku hizi wanakuja nalo tayari mfukoni: "Mwalimu, mimi nataka saikolojia." Ukiuliza kwa nini, wa kwanza atasema anataka kusaidia watu. Vizuri. Wa pili atasema kuna kazi kwenye mashirika. Hiyo nayo si dhambi, kila mtu anakula. Lakini ukikaa nao kidogo, ukweli unatoka wenyewe: "Hesabu ilinishindaka tangu la pili, mwalimu. Saikolojia haina hesabu."

Upande wa pili wako wenzetu wa mashirika. Wao wana maneno matamu zaidi: "Cha muhimu ni moyo." Tunaitwa semina ya siku tatu, tunapewa daftari, kalamu, soda na fulana. Siku ya tatu jioni tunapiga picha na vyeti. Jumatatu tunatumwa nyumba kwa nyumba na fomu. Tunajaza, tunakusanya, gari linakuja kuzichukua, basi. Nani anazijumlisha? Si sisi. Nani anaamua zinasema nini? Si sisi. Nani anarudi kutuambia tulichokiona? Hakuna.

Naandika kupinga pande zote mbili. Kijana anayekimbia hesabu na ofisa anayesifu moyo wanafanya kazi moja bila kujuana: wanahakikisha kwamba mkimbizi atabaki kuwa mbeba fomu. Saikolojia inataka vitu vitatu ambavyo havipatikani kwa siku tatu: kufikiri kwa kupima, lugha inayobeba jambo lilivyo, na hesabu. Asiyekuambia hivyo anakufungia mlango huku akikupigia makofi.

Najua nitaambiwa: "Mwalimu, watu wanaumia, wewe unaleta asilimia?" Moyo siupingi. Mtu asiyeweza kukaa na mama aliyefiwa, akanyamaza, akasikiliza bila kuangalia saa, asiguse kazi hii. Lakini moyo ni chumvi. Bila chumvi chakula hakiliki, ila hakuna aliyeshiba kwa kulamba chumvi. Tena moyo tunao tangu zamani. Kabla hakujawa na kituo chochote cha ushauri nasaha hapa, kina mama wa Fizi na Uvira walikuwa tayari wanalala kwenye msiba wiki nzima. Hatukuhitaji semina ya kufundishwa huruma. Kinachotupungukia ni kile ambacho ofisi inakificha kwenye kompyuta, na ambacho sisi wenyewe tunakikimbia darasani.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa.

Kuna karatasi ya maswali tisa ambayo wengi waliofanya kazi za afya ya akili wameiona. Inaitwa PHQ-9. Inauliza mambo ya wiki mbili zilizopita: kukosa raha, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya chakula na mengine, mpaka swali la tisa, la mtu kuwaza kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Kila jibu lina alama, kuanzia 0 mpaka 3. Jumla ya juu kabisa ni 27. Kwa kawaida anayefika 10 anahesabiwa kuwa huenda ana sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, na anatakiwa aonwe na mtaalamu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba kwa mpaka huo wa 10, karatasi iliwakamata asilimia 88 ya wagonjwa wa kweli, na iliwaacha salama asilimia 88 ya wasio wagonjwa. Ukisikia hivyo unasema, karatasi nzuri, inapatia karibu tisa kwa kumi.

Haya, chukua kalamu. Tuseme tunawapima watu 1,000 wa zoni moja, na tuseme kwa kweli 100 kati yao wana sonona. Karatasi itawakamata 88, na 12 itawakosa. Wanaobaki ni 900, wasio wagonjwa. Asilimia 88 yao, yaani 792, itawaacha. Lakini 108 itawanyooshea kidole wakati hawana ugonjwa huo. Sasa jumlisha wote waliofika 10: 88 na 108 ni 196. Angalia vizuri hapo. Katika watu 196 tulioandika kwamba huenda ni wagonjwa, zaidi ya nusu si wagonjwa. Na hakuna aliyedanganya. Karatasi ni nzuri kama walivyosema. Ni kutoa na kujumlisha tu, hesabu ambayo mtoto wa la sita anaiweza akipewa muda.

Asiyejua hesabu hiyo atafanya nini? Ataandika kwenye ripoti kwamba watu 196 katika 1,000 wana sonona. Kambi itakuwa na wagonjwa mara mbili ya walioko. Mwingine atamwambia mama mwenye alama 11 kwamba ana ugonjwa wa akili, na mama atarudi nyumbani na jina ambalo jirani hawatalisahau. Mwingine atamwona mzee mwenye alama 8 atamwambia "wewe uko sawa, nenda," na huenda mzee huyo ni mmoja wa wale 12. Je, moyo ungemwokoa mzee huyo? Moyo ungemfanya mjazaji alie baadaye. Kilichohitajika ni mtu anayejua kwamba alama ni mlango wa kuanzia mazungumzo, na anayejua ni wangapi wanapita pembeni ya mlango huo bila kuonekana.

Tena tusidanganyane kwamba hesabu iliingizwa kwenye saikolojia na watu wabaya wa mitihani. Imo tangu mwanzo. Mwaka 1860, Mjerumani Gustav Fechner alitoa kitabu cha namna ya kupima hisia za mwili kwa namba. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig, na wengi wanauhesabu mwaka huo kuwa ndio mwanzo wa saikolojia kama sayansi. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, akahesabu dakika na marudio, akaonyesha jinsi mtu anavyosahau kwa haraka mwanzoni halafu polepole. Kijana anayekwenda kusoma fani hiyo akitegemea kutokutana na wastani, asilimia, grafu na uwezekano, ni sawa na anayekwenda kujifunza uvuvi Tanganyika akitegemea kutolowana.

Na hiyo habari ya "sisi hesabu hatuwezi" siikubali hata kidogo. Nenda siku ya mgao ukawaangalie kina mama. Anajua kopo moja la unga linatoka na nini, nyumba ina watu saba, siku zimebaki ngapi mpaka mgao ujao, auze kiasi gani apate sabuni, na mdogo akiugua abane wapi. Hiyo ni hesabu ya mgawanyo na ya hatari kwa pamoja, na haina kifutio. Wataalamu wa chakula wana kipimo chao cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Yeye ana kopo, na mara nyingi kopo lake linasema ukweli zaidi. Akiambiwa kwamba nyumba za kambini zina wastani wa watu watano, atacheka, kwa kuwa anajua kuna bibi anayeishi peke yake na kuna nyumba ya watu kumi na mmoja, na huo wastani hauwalishi hao wote sawasawa. Pale pale amekwisha kufahamu jambo ambalo mwanafunzi wa chuo anafundishwa kwa jina gumu: kwamba wastani bila kujua namba zimetawanyika vipi unaweza kupotosha. Watu hawa ndio mnasema hawawezi hesabu? Kinachowashinda ni hesabu iliyofundishwa kama adhabu, kwa Kifaransa cha kukariri, kwa fimbo.

Sasa lugha.

Rudi kwenye karatasi ile ile. Majibu yake ni manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Soma tena jibu la tatu kwa sauti: "zaidi ya nusu ya siku". Waliolitunga walimaanisha siku nane au zaidi katika siku 14. Lakini kwa Kiswahili siku moja ni siku, na siku kumi ni siku. Mama anasikia nusu ya siku, yaani asubuhi mpaka mchana. Anajiuliza, je, mimi huwa na huzuni kupita saa sita mchana? Anajibu hapana, maana jioni ndiyo humzidia. Pale alama 2 zimekuwa 0, na hakuna mtu aliyejua. Nimeona karatasi yenye maneno hayo hayo ikijazwa hapa, nyumba baada ya nyumba. Dawa yake ni nyepesi: sema "siku nane au zaidi kati ya siku 14". Lakini ili uione dawa unahitaji Kiswahili na hesabu kichwani kwa wakati mmoja. Mtafsiri wa mjini aliyelipwa kwa ukurasa hakuiona.

Chukua lingine. Unamuuliza mtu, "Hupati usingizi?" Anajibu, "Ndiyo." Mswahili anajua maana yake: ndiyo, ni kama ulivyosema, sipati. Anayefikiri kwa Kifaransa au Kiingereza anaweza kulielewa kinyume, kwamba anapata. Halafu saa. Hapa kambini wako wanaohesabu saa kwa Kiswahili cha Tanzania, na wako wanaohesabu kama redio ya Kifaransa. Mtu akisema anaamka saa tisa, ni tisa ipi? Kwa wa kwanza ni saa tisa za usiku, giza totoro, mawazo yanamsumbua mpaka kunapambazuka. Kwa mgeni aliyeandika haraka ni saa tatu asubuhi, mtu amelala vizuri mpaka jua limepanda. Huyu mgonjwa, yule mvivu. Mtu mmoja, neno moja.

Na hayo ni maneno mepesi. Yapo mazito. "Niko na mawazo" kwetu haimaanishi kwamba mtu ana fikra, ni mzigo. "Roho inaniuma" si ugonjwa wa moyo, ingawa nimesikia habari za watu waliopelekwa kupimwa presha kwa sababu ya neno hilo. "Kiwewe" wengine wanalitumia kwa hofu ya ghafla tu, wengine kwa jeraha la miaka. Na lile swali la hamu ya chakula: mgao ukipunguzwa, mtu akisema "sili vizuri", unaandika nini? Hali kwa sababu hataki, au kwa sababu hakuna? Anayeandika alama 3 bila kuuliza hivyo anageuza njaa kuwa ugonjwa wa akili, halafu anapeleka mshauri mahali palipohitaji unga.

Kuna wanaotuambia kwamba Kiswahili hakina maneno ya saikolojia, kwa hiyo tuache, tusubiri Kifaransa chetu kikue au Kiingereza kije. Nawajibu kwa mfano wa jirani. Zimbabwe, wagonjwa wa Kishona walikuwa wakisema wana "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi. Miaka ya 1990 Vikram Patel na wenzake walikusanya maneno kama hayo kwa watu wenyewe, wakatengeneza karatasi ya maswali 14 ya Kishona, wakaipima kwa hesabu kuona kama inakamata kweli wanaougua. Kuanzia mwaka 2006 daktari Mzimbabwe, Dixon Chibanda, alianzisha kazi ya mabibi wanaokaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati za Harare. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya jaribio la watu 573. Baada ya miezi sita, waliohudumiwa na mabibi walikuwa na wastani wa alama 3.81 kati ya 14, wenzao waliopata huduma ya kawaida 8.90. Kwa neno la Kishona, kwa kipimo cha Kishona. Uganda nako, watafiti waliofanya kazi kusini-magharibi mwa nchi walianza kwa kuuliza wanakijiji wanaiitaje huzuni hiyo, wakapata maneno ya Kiganda, wakayapima. Matokeo yalitoka 2003, kutoka vijiji 30. Kama Kishona na Kiganda viliweza, Kiswahili kinachosemwa kutoka Lamu mpaka Kisangani kitashindwa nini?

Ila nisieleweke vibaya na vijana. Sisemi Kiingereza na Kifaransa tuviache. Tafiti hizo zote nilizotaja ziko kwa Kiingereza. Asiyekisoma ataletewa muhtasari wa muhtasari na mtu mwenye haraka. Mwanafunzi wa kwetu amelelewa kwa Kibembe au Kifuliiru, anafikiri kwa Kiswahili, anafanya mtihani kwa Kifaransa, na chuo atakachopata huenda kikamtaka Kiingereza. Ni mzigo, siufichi. Lakini mzigo huo ndio mtaji. Mtu anayejua neno linavyoponyoka likivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine ameshapata nusu ya kazi ya mwanasaikolojia. Mtaalamu wa lugha moja hulipa watu wamfanyie hivyo.

Tatu ni kufikiri. Hapa ndipo watu huniambia, "Mwalimu, kila mtu anafikiri." Kila mtu anatembea pia, lakini si kila mtu anafika.

Niwape mfano unaouma. Kulikuwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, wakati wa ukoloni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alisema sonona ni nadra kwa Mwafrika, na akamlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alikuwa na namba, jamani! Alihesabu walioletwa hospitalini. Lakini jiulize: nani alikuwa akiletwa Mathari enzi zile? Anayevunja vitu, anayepiga watu, anayetembea uchi sokoni. Mama aliyekaa kimya jikoni hali, halali, analia ndani kwa ndani, nani angempeleka kwa Wazungu? Hakuhesabiwa, kwa hiyo hakuwepo. Mnigeria Thomas Adeoye Lambo na Mmarekani Alexander Leighton walipofanya kazi kwa Wayoruba, wakaenda kuuliza watu vijijini badala ya kungoja waletwe, kitabu chao cha 1963 kilionyesha dalili za sonona zikiwa nyingi tu. Kilichobadilika ni swali la nani amehesabiwa na nani ameachwa. Carothers alikuwa na hesabu bila kufikiri, na kosa lake likachapishwa kwa jina la dunia nzima.

Mnadhani hayo yameisha? Sikilizeni ripoti zetu. "Waliohudhuria kikundi mpaka mwisho wamepata nafuu." Na walioacha njiani, je? Huenda waliacha kwa kuwa walizidiwa. "Wanaoshiriki michezo wana huzuni kidogo." Sawa, lakini ni michezo iliyoondoa huzuni, au ni huzuni iliyowazuia wengine kuja uwanjani? "Tuliwapima siku ya kwanza, tukawapima baada ya miezi mitatu, alama zimeshuka." Watu huja kutafuta msaada siku walipozidiwa kabisa. Siku ya mvua kubwa kuliko zote, ya kesho yake kwa kawaida huwa ndogo, hata usipofanya kitu. Bila kundi la kulinganisha, umejuaje kwamba ni wewe uliyeizuia mvua?

Na haya nayo yamefanyika kwetu, nyumbani, kwa waliobaki. Mwaka 2013 lilichapishwa jaribio lililofanywa Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Vijiji vingine vilipewa tiba ya vikundi ya kuchambua mawazo, vingine msaada wa mtu mmoja mmoja, na vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu ili kulinganisha kuwe kwa haki. Waliotoa huduma walikuwa Wakongo. Baada ya miezi sita, katika kundi la tiba asilimia 9 ndio walikuwa bado na alama za sonona au wasiwasi mkubwa. Katika kundi la pili asilimia 42. Kundi la pili nalo lilikuwa limepata nafuu. Kama wangelipima hilo peke yake, wangepiga picha, wangeandika "mradi umefaulu", na wanawake wangenyimwa kitu bora bila mtu yeyote kujua kwamba wamenyimwa. Hiyo tofauti ya 9 na 42 ni dada zetu. Iliyoiona ni hesabu, na hesabu hiyo ililetwa na mtu aliyefikiri vizuri kabla.

Hapa ofisa ataniambia: "Unaona? Wasaidizi wale wa Kivu hawakuwa na digrii. Mabibi wa Harare pia. Na Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kutoa tiba kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, matokeo yakachapishwa 2008. Kwa hiyo mafunzo mafupi yanatosha." Ni hoja nzuri kuliko zote walizonazo, na nusu yake naikubali. Ndiyo, mkimbizi anaweza kutibu. Ndiyo, haihitajiki digrii kukaa na mtu kwenye benchi. Lakini nyuma ya kila bibi kulikuwa na watu waliotengeneza kipimo, waliomsimamia kila wiki, waliosoma namba, na waliokuwa tayari kukubali kama namba zingesema mradi umeshindwa. Harare, katika watu hao wa nyuma, kulikuwa na Wazimbabwe. Wa kwetu wako wapi? Kambi hii ipo tangu 1996. Kuna watu waliozaliwa hapa ambao sasa wana watoto shuleni. Miaka yote hiyo tumekuwa wakaaji wa benchi. Ni lini mmoja wetu atakaa mezani?

Ndiyo maana nasema kwa mashirika, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Kila fomu mnayojaza kwetu, rudisheni majibu yake. Yabandikwe, yasomwe kwenye mkutano wa zoni, kwa Kiswahili, na namba zake zote, hata zile zisizopendeza. Tafsiri zenu zipimwe na watu wa hapa kabla hazijatumika, na si mtu mmoja anayejua Kiingereza. Wakae kina mama kumi, kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameelewa nini. Semina zenu ziwe na saa za kusoma jedwali, asilimia na makosa ya vipimo. Msiseme ni ngumu kwetu. Mlijaribu lini? Na nafasi za masomo zikitokea, ziwe za DAFI au za mwingine, msimchague kijana kwa kuwa amelia vizuri kwenye mahojiano.

Kwa wazazi: acheni kumwambia binti kwamba hesabu ni ya kaka yake. Kesho mwanamke aliyebakwa atataka kuongea na mwanamke. Mkimzuia binti leo, kesho hiyo atakayekuja atakuwa mwanamume na fomu.

Na kwa ninyi vijana wangu, mnaokuja na jibu mfukoni. Sitawafukuza kwenye saikolojia. Nawataka humo kuliko mnavyojitaka. Lakini kabla hujajaza ombi, fanya mambo matatu. Chukua maswali tisa yale, uyaweke kwa Kiswahili ambacho bibi yako atakielewa bila wewe kueleza. Rudia ile hesabu ya watu 1,000, lakini badala ya wagonjwa 100 weka 20, uone nini kinatokea kwa wale wanaonyooshewa kidole; ukishtuka, umeanza kujifunza. Halafu chukua ripoti yoyote inayosema mradi umefaulu, uandike ukurasa mmoja: nani hakuhesabiwa?

Madarasa ya jioni yapo. Ubao tunao, chaki tutatafuta. Atakayekuja na kurasa hizo tatu, nitakaa naye mpaka giza liingie. Atakayekuja na moyo peke yake, nitamwambia akachukue kalamu kwanza.